Mwanafunzi Ni Shahidi wa Maneno

Katika shule zetu za sekondari, kama katika shule za nchi nyingine nyingi zifundishazo Kiingereza, liko fundisho moja ambalo wanafunzi huliogopa na wazazi huuliza faida yake. Mwanafunzi hupewa kipande cha maandishi, pengine shairi, pengine sehemu ya hadithi au ya hotuba, naye huambiwa aeleze si habari iliyomo tu, bali njia alizozitumia mwandishi hata habari ile ikamwingia msomaji moyoni. Yampasa aonyeshe tashbiha iko wapi, na sitiari, na takriri, na kinaya, na swali lile liulizwalo pasipo kutaka jibu. Tena aeleze kila moja yafanya kazi gani mahali pake.

Mzazi aliyempeleka mwanawe shuleni apate kusoma, kuandika na kuhesabu aweza kuuliza, "Mambo haya yatamfaa nini mtoto wangu?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Lakini liko swali lingine zito kuliko hilo, nalo ndilo nitakalo kulipima hapa: je, fundisho hili humfanya mtu kuwa mkweli zaidi, au humzoeza uongo? Maana elimu iongezayo akili na kupunguza ukweli ni hasara, hata ikimpatia mtu cheti.

Yako mashtaka matatu yaletwayo juu ya fundisho hili. Na tuyasikilize moja moja kabla ya kutoa hukumu.

Shtaka la kwanza lasema kwamba kuyapasua maandishi ni kuyaua. Shairi lilikuwa zima na tamu, naye mwalimu alifika na kisu chake, akatenga mfano huku na takriri kule, hata mwisho hapakubaki kitu ila vipande. Wengi waliosoma shule husema hivi, wala si uzushi.

Lakini tumtazame mwanamke ajuaye kusuka mikeka. Mtu mwingine akiuona mkeka mzuri husema, "Unapendeza," kisha huukalia. Yeye msukaji huinama, akatazama ukili ulivyoshonwa kwa ukili, rangi ilivyochukuana na rangi, na mahali mshono ulipofichwa usionekane. Je, ameuharibu mkeka? La, ameuona zaidi kuliko sisi, na heshima yake kwa mkono ulioutengeneza ni kubwa kuliko yetu. Ndivyo ilivyo kwa maneno. Hatari haimo katika kutazama kwa karibu. Hatari imo katika kuufumua mkeka na kuuacha chini umefumuliwa. Basi dawa ya shtaka hili ni nyepesi: maandishi na yasomwe kwanza mazima, kwa sauti, pasipo kukatwa, kisha yachunguzwe, kisha yasomwe tena mazima, ili mwanafunzi ayasikie kwa masikio mapya. Mwalimu aachaye kisomo hicho cha mwisho ameacha kazi nusu.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Lasema kwamba kumfundisha kijana njia za kuwavuta watu kwa maneno ni kumfundisha hila. Wahenga wetu walinena kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Basi ni heri kumpa kila kijana uwezo huo? Shtaka hili ni la zamani sana. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Gorgias, amwonyesha Socrates akiufananisha ufundi wa kusema na kazi ya mpishi: mpishi hutafuta kuupendeza ulimi, wala hajali kama chakula chaujenga mwili, hali mganga hutafuta afya ya mtu hata kwa dawa chungu.

Jibu alilitoa mtu wa Afrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mahali palipo leo katika nchi ya Algeria. Kabla ya kubatizwa mwaka 387, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kufundisha ufundi wa kusema, katika mji wa Carthage, kisha Roma, kisha Milan, naye baadaye aliijutia kazi ile kama mtu aliyekuwa akiuza maneno sokoni. Mtu kama huyo angetazamiwa kuutupa ufundi wote. Lakini katika sehemu ya nne ya kitabu chake juu ya Mafundisho ya Kikristo, alichokimaliza uzeeni, hakuutupa. Aliuliza, kwa maana hii: ikiwa ufundi wa kusema waweza kuitumikia kweli na kuutumikia uongo vilevile, kwa nini waongo wawe na silaha, nao wasema kweli wasimame mikono mitupu? Tena alizichukua nyaraka za Mtume Paulo na maneno ya nabii Amosi, akaonyesha sentensi zilivyopangwa, sehemu moja ikiijibu nyingine, na kwa nini mpango ule wafaa mahali pale. Alifanya kazi ile ile ambayo leo twawapa vijana darasani.

Wala Maandiko yenyewe hayakosi mifano ya pande zote mbili. Katika mlango wa tatu wa Mwanzo, Mungu amekataza mti mmoja, naye nyoka amwuliza Hawa kama ni kweli Mungu amekataza miti yote ya bustani. Badiliko ni dogo, tena limefichwa ndani ya swali, na mtu aulizwaye swali huona haya kutojibu. Hawa ajibu, naye katika kujibu aongeza jambo la kutougusa mti, ambalo halikuwamo katika agizo la kwanza. Asomaye upesi hupita. Asomaye polepole huona kwamba agizo limekwisha kupotoshwa kabla ya tunda kuguswa. Na katika Samweli wa Pili, mlango wa kumi na mbili, nabii Nathani amwendea Daudi, aliyemwua Uria na kumtwaa mkewe. Hamshtaki waziwazi. Amsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, hata mfalme mwenyewe akatoa hukumu kwa hasira, asijue amejihukumu. Nyoka alitumia ufundi, na Nathani alitumia ufundi. Tofauti yao ni hii: Daudi alipokwisha kuelewa njia aliyonaswa nayo, ile kweli ilizidi kumwuma, lakini Hawa kama angaliielewa njia aliyovutwa nayo, uongo ungalikufa papo hapo. Hiki ni kipimo chema cha kupimia hotuba yoyote. Maneno ya haki huzidi kusimama tukiona yalivyotengenezwa. Maneno ya hila huanguka.

Sasa tukitumie kipimo hiki katika kitabu kinachosomwa sana katika masomo ya Kiingereza, yaani mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, uliotungwa yapata mwaka 1599. Nasi Waswahili tunao kwa lugha yetu, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri, tafsiri yake ikatolewa mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Caesar amekwisha kuuawa, nao watu wa Roma wakusanyika sokoni wapate kujua sababu. Brutus, mmoja wa wauaji, asema kwanza. Atumia maneno ya kawaida yasiyo ya mizani, na sentensi zilizolingana kama vipande vya mizani ya dukani. Awauliza watu kama kuna mmoja wao apendaye kuwa mtumwa. Naye nani atajibu kwamba apenda? Lakini swali hilo lafungua njia mbili tu, Caesar kufa au watu kuwa watumwa, wala hakuonyesha ushahidi kwamba hapakuwa na njia ya tatu. Watu washangilia, na mmoja ataka Brutus afanywe Caesar. Msomaji mwangalifu husimama hapo. Mtu huyo amesikia hotuba nzima juu ya ubaya wa mtu mmoja kutawala, naye apendekeza mtu mmoja atawale! Alivutwa pasipo kuelewa, na aliyevutwa pasipo kuelewa huvutwa tena na afuataye.

Afuataye ni Antony. Yeye asema kwa mashairi ya mizani. Awaita wauaji watu waheshimiwa, nao watu wakubali. Alirudia neno hilo mara nyingi, na kila mara aliliweka karibu na tendo jema la Caesar, hata neno lile lile la sifa likageuka kuwa tusi. Hiyo ndiyo takriri, na hicho ndicho kinaya. Asema kwamba yeye si msemaji hodari kama Brutus, nalo ni moja katika maneno ya hodari kuliko yote. Ataja wasia wa Caesar, kisha akataa kuusoma, mpaka watu wenyewe wamsihi ausome. Tena aonyesha joho la Caesar lililotobolewa kwa visu, akiwatajia watu tundu hili lilitobolewa na nani, na lile na nani.

Hapo mwanafunzi na arudi nyuma onyesho moja, aulize swali la shahidi: Antony alijuaje? Kabla ya visu kuchomolewa, Trebonius alikuwa amekwisha kumtoa Antony mahali pale. Hakuona pigo hata moja. Watu wa Roma walia machozi mbele ya ushuhuda wa mtu asiyekuwapo. Na wasia je? Katika mwanzo wa sehemu ya nne, Antony aagiza wasia uletwe ili atafute njia ya kupunguza fedha watakazolipwa watu wale wale aliowasomea. Basi kipimo chetu chatenda kazi: tukiona hotuba ilivyotengenezwa, sehemu yake iliyo kweli, yaani kwamba Caesar aliuawa na rafiki zake, yabaki imesimama, sehemu iliyo hila yaanguka.

Shakespeare hakuacha kutuonyesha hasara ya kutopima. Mara baada ya hotuba hizo, mkutano wamkuta njiani mtu aitwaye Cinna. Yuko Cinna mwingine miongoni mwa wauaji. Huyu ni mshairi, naye awaambia waziwazi kwamba yeye si yule. Wamwua kwa sababu ya jina lake. Watu walioshindwa kutofautisha sifa na tusi, na shahidi na asiyeona, hawawezi tena kutofautisha mtu na mtu. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba kupima maneno ni mchezo wa wenye nafasi, na waisome sehemu hiyo fupi. Damu ya asiye na hatia yaweza kumwagika kwa sababu watu hawakuuliza neno limefanya kazi gani moyoni mwao.

Nasi hatuhitaji kwenda Roma. Soma tangazo lolote la serikali au la kampuni katika nchi yoyote lisemalo, "Makosa yalitendeka." Yalitendwa na nani? Tungo hiyo imeumbwa ili mtenda asiwemo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili vilevile. Au soma habari isemayo kwamba watu kadhaa "walipoteza maisha." Mtu hupoteza ufunguo au kisu. Ikiwa watu wale walipigwa risasi, hawakupoteza kitu. Waliuawa, na yuko aliyewaua. Kijana aliyefundishwa kumtafuta mtenda katika sentensi ya darasani atamtafuta na katika gazeti.

Sasa twalifikia shtaka la tatu, nalo, kwa maoni yangu, lina kweli ndani yake. Shtaka hili lasema kwamba fundisho hili, kama linavyofundishwa mara nyingi, huwazoeza vijana kusema wasiyoyaona.

Hutukia hivi. Mtihani wakaribia. Mwanafunzi akariri orodha ya majina ya ufundi, na pamoja na kila jina akariri matokeo yake: sitiari humpa msomaji picha dhahiri; takriri hutia mkazo; swali la balagha humfikirisha msomaji. Siku ya mtihani apata kipande asichopata kukiona, atafuta sitiari, aipata, aandika kwamba imempa msomaji picha dhahiri. Msomaji gani? Msomaji aliyekuwapo ni yeye peke yake, naye hakuona picha yoyote, kwa kuwa hakutazama. Amesema ameona asichokiona. Katika amri za Mungu jambo hilo lina jina lake, nalo ni ushuhuda wa uongo.

Mtu aweza kucheka, akasema, "Ni alama mbili tu za mtihani!" Lakini tabia huanza kwa mambo madogo. Kijana aliyezoea miaka minne kuandika habari za hisia asizokuwa nazo, kwa kuwa ndizo atakazo msahihishaji, amefundishwa kwa bidii kuwa Antony mdogo, ayatajaye matundu ya joho asiyoyaona yakitobolewa.

Wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Huko Uingereza, katika mtihani wa GCSE uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1988, wanafunzi wengi hufundishwa kupanga jibu kwa hatua tatu, yaani hoja, ushahidi na maelezo. Mpango huo ni mwema, lakini walimu na watahini wa huko wamelalamika mara nyingi juu ya majibu yaorodheshayo majina ya ufundi pasipo kuonyesha kazi yake. Na zamani kabla ya hapo, mwaka 1929, mwalimu I. A. Richards wa Cambridge alitoa kitabu kiitwacho Practical Criticism. Alikuwa amewapa wanafunzi wa chuo kikuu mashairi pasipo kuwaambia majina ya watungaji, akawaomba waandike maoni yao. Wengi, ijapokuwa Kiingereza kilikuwa lugha yao ya mama, walishindwa hata kupata maana ya wazi ya shairi. Tena wengi walileta hisia zilizokuwa tayari mioyoni mwao tangu zamani, wakazibandika juu ya shairi. Jina la mtungaji lilipoondolewa, walikosa cha kushika.

Basi, ikiwa hao walishindwa, mwanafunzi wetu, ambaye Kiingereza pengine ni lugha yake ya tatu, atafanyaje? Nasema ana akiba ambayo hajaambiwa kwamba ni akiba. Mtoto wa pwani amwonaye jirani amevaa kanga yenye maneno fulani, akapita nayo mara tatu mbele ya mlango fulani, hujua maneno yale yamtupia nani, na kwa nini leo. Kijana aamkaye saa sita mchana, shangazi yake akamwambia, "Hongera, mwanangu, leo umejihimu," hahitaji kufundishwa kinaya. Amekwisha kuona haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yamejaa mafumbo yaliyowataka wasikilizaji wapime kila neno. Mwanafunzi na aanze na hayo ayajuayo. Akisha kutambua kwamba kinaya ni lile neno la shangazi lililomchoma, atakitambua kinywani mwa Antony, naye ataweza kusema kweli kimefanya nini, kwa kuwa amekisikia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: fundisho lenyewe si la uongo, uongo ni kulifundisha kama orodha. Mwanafunzi na afundishwe kama afundishwavyo shahidi kabla ya kusimama barazani. Kwanza, aseme aliloliona, naye aonyeshe mahali: neno gani, mstari gani. Pili, aseme neno lile lilimfanya nini yeye mwenyewe: lilimtisha, lilimchekesha, lilimtia shaka, au halikumgusa. Tatu, atafute kwa nini, akijaribu kuweka neno lingine mahali pake aone kitu gani kimepotea. Jina la ufundi na lije mwisho, kama vile mtoto hupewa jina akiisha kuzaliwa. Na shahidi mwema haongezi. Kama hakuona kitu, na aseme, "Mfano huu haukunigusa, na nadhani sababu ni hii."

Hapo neno langu lageukia walimu wenzangu, kwa maana mzigo mkubwa ni wetu. Tukimpa alama nyingi mwanafunzi aliyekariri, na alama chache yule aliyesema kweli kwa Kiingereza kilichovunjika, tumefundisha somo lingine chini ya somo letu, nalo ndilo watakalolikumbuka. Tusiogope jibu fupi lenye macho. Tuwaulize mara nyingi, "Umeliona wapi?" na mara nyingi zaidi, "Je, ni kweli lilikufanyia hivyo?" Na mtahini akidai maneno yale ya kukariri, tuwafundishe vijana namna ya kuyajaza kitu walichokiona wenyewe, wasiende mtihanini na magunia matupu.

Nanyi vijana msomao, mkipewa kipande cha maandishi, kumbukeni kwamba mwandishi wake, awe hai au amekufa, ameweka maneno yake mikononi mwenu, wala hawezi kuja kujitetea. Na wako wengine watakaowategemea ninyi kwa mambo makubwa kuliko shairi: mzee atakayewaomba mmsomee mkataba wa shamba lake, na jirani atakayesingiziwa katika mkutano wa kijiji. Siku hiyo hakuna atakayewauliza jina la ufundi wowote. Watauliza maneno yale yanasema nini, na yanaficha nini, nao wataishi kwa jibu lenu. Jifunzeni leo kulitoa kwa kweli.